Kijana wa Ntalikwa na Shahada ya Pili

Tuseme kijana wa Ntalikwa, katika Manispaa ya Tabora, amehitimu shahada ya kwanza ya uhandisi. Nyumbani wanamngojea: wadogo zake wangali shuleni, paa linavuja. Naye anasema anataka kurudi darasani miaka miwili zaidi. Baba atamjibu nini? Kwa maoni yangu, swali hili la sebuleni laeleza uchache wa wanafunzi wa shahada za juu za sayansi kuliko hotuba nyingi.

Tabora haikukosa wasomi. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Shule ya Wavulana Tabora, alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi 1952 na shahada ya M.A. Lakini ilikuwa ya sanaa, na ilimbidi avuke bahari kuipata. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa na wanafunzi 14, wote wa sheria. Kitivo cha Sayansi kilianza 1965, cha Uhandisi 1973.

Kisha likaja Azimio la Musoma la 1974. Waliomaliza kidato cha sita walitakiwa kulitumikia Taifa na kufanya kazi kwanza, ndipo waende chuoni. Nia ilikuwa njema, lakini idadi ya wanawake ilishuka, hata wakasamehewa sharti la kazi. Mama mwenye mtoto mgongoni harejei maabara kwa wepesi, sembuse kusomea uzamivu!

Leo mlango umepanuka. Arusha ipo Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011 kwa masomo ya uzamili na uzamivu katika sayansi na uhandisi. Lakini Bodi ya Mikopo, tangu ianze kazi 2005, imebeba zaidi wa shahada ya kwanza. Wengi wa shahada za juu hutegemea mwajiri, mfadhili au mfuko wao wenyewe.

Wala usidhani masomo hayo ni anasa, mzazi. Tumbaku nyingi ya Tabora hukaushwa kwa moto, na moto hula miombo. Kituo cha utafiti cha Tumbi, nje ya mji, kilijaribu miti ya akasia inayokua upesi, ipandwe kwa zamu na mahindi, ili mkulima apate kuni shambani mwake. Kazi hiyo ilidai watu wa kupima udongo, maji na uzito wa kuni, msimu baada ya msimu, kabla ya kumwambia mkulima apande nini.