Saratani na Dumu la Dawa: Soko Lisilo na Daftari

Dumu la plastiki la lita tano limejaa maji ya kahawia. Ubavuni limebandikwa karatasi yenye orodha ya magonjwa: kisukari, presha, vidonda vya tumbo, uvimbe kwenye kizazi, nguvu za kiume, saratani. Chini ya orodha kuna namba ya simu ya muuzaji. Tarehe ya kutengenezwa haipo, viambato havikutajwa, na hakuna anayeweza kumwambia mnunuzi ni wagonjwa wangapi wa saratani waliomaliza dozi hiyo na wangapi kati yao wako hai leo. Bidhaa za aina hii zimetoka kwenye vibanda vya sokoni zikaingia kwenye simu za mkononi, na zimepata ndugu wa kisasa: unga wa majani ya mstafeli, vidonge vya dawa lishe vinavyouzwa kwa biashara ya mtandao, maji ya alkali, na mipango ya mlo inayoahidi kuunyima uvimbe sukari mpaka ufe. Mjadala wake huendeshwa kama ugomvi wa imani, mizizi upande huu na hospitali upande ule. Kwa jicho la biashara, swali la msingi ni jingine: tiba inaposhindwa, hasara anaibeba nani? Katika soko hili hasara yote humwangukia mgonjwa na familia yake, na muuzaji hubaki na mapato bila kudaiwa maelezo. Hapo ndipo penye tatizo, na hapo ndipo pa kurekebisha.

Wateja wapo, tena wengi. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 na vifo karibu 27,000; Kenya wagonjwa wapya zaidi ya 42,000 na vifo zaidi ya 27,000. Kwa miaka mingi Mtanzania aliyehitaji mionzi katika hospitali ya umma alikuwa na mlango mmoja tu, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, kabla hospitali ya Bugando ya Mwanza haijaanza nayo kutoa huduma hiyo. Hata pale matibabu yanapotolewa kwa msamaha au kwa bima, mtu wa Kigoma au Rukwa atalipa nauli, malazi na chakula cha wiki kadhaa, ataacha shamba likiota magugu, na ndugu anayemuuguza ataacha kazi. Kabla ya hapo kuna kukatwa kinyama cha kupimwa, kusubiri majibu, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni na dakika chache za kueleza neno linalotisha. Muuzaji wa dumu yuko mtaa wa pili. Anapokea malipo kidogo kidogo kwa simu, anasikiliza, anajibu hata usiku, na jibu lake ni kwamba utapona. Mnunuzi asidharauliwe. Ananunua ukaribu, muda na tumaini, vitu ambavyo hospitali zetu zimeviacha viwe adimu.

Lakini unafuu huo huishia kwenye bei ya dawa yenyewe tu. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Kikombe kilikuwa ndani ya uwezo wa kila mtu. Safari ya kukifikia ilikula nauli, akiba na siku kadhaa za foleni barabarani, na wapo waliofia njiani. Kwa mgonjwa wa saratani gharama kubwa zaidi ni muda. Saratani ya titi au ya shingo ya kizazi iliyogunduliwa mapema ina nafasi nzuri ya kupona. Ikifika hatua ya nne, mara nyingi daktari hubaki na kazi ya kupunguza maumivu na kurefusha siku. Miezi sita ya dumu yaweza kumvusha mgonjwa kutoka upande mmoja hadi wa pili, na hakuna muuzaji anayerudisha miezi hiyo.

Ushahidi wa hasara hii umepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha Wamarekani 281 waliochagua tiba mbadala pekee na wenzao 560 waliotibiwa hospitalini, wote wakiwa na saratani ambayo haijasambaa ya titi, tezi dume, mapafu au utumbo mpana. Katika ripoti yao ya mwaka 2018, waliotegemea tiba mbadala walikuwa na hatari ya kufa mara mbili na nusu ya wenzao. Kwa saratani ya titi, zaidi ya mara tano. Wengi wao walikuwa watu wa kipato na elimu nzuri, kwa hiyo umaskini haukuwa sababu. Tiba ya mlo nayo imepimwa. Mpango wa daktari Nicholas Gonzalez wa New York, wenye chakula maalumu, vimeng'enya na kahawa ya kuingizwa njia ya haja kubwa, ulijaribiwa kwa fedha za serikali ya Marekani kwa wagonjwa 55 wa saratani ya kongosho. Nusu ya waliopata tiba kemikali waliishi zaidi ya miezi 14. Kwa waliofuata mlo ilikuwa miezi 4.3. Wagonjwa walichagua wenyewe kundi, na hilo ni kasoro ya utafiti, ila pengo la karibu miezi kumi halipuuziki. Na ile dawa ya kokwa za aprikoti iliyopewa jina la kibiashara la vitamini B17, ambayo si vitamini, ilijaribiwa kwa wagonjwa 178 Marekani. Matokeo ya mwaka 1982 hayakuonyesha faida, na baadhi ya wagonjwa walionyesha dalili za sumu ya sianidi.

Hii haina maana kwamba chakula hakihusiani na saratani. Kinahusiana sana, hasa kabla ugonjwa haujaingia. Sumukuvu inayotolewa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huchangia saratani ya ini, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kwa sumu ya moja kwa moja. Pombe na unene uliopitiliza huongeza hatari. Nyama za kusindikwa, gramu 50 kwa siku, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 vinashukiwa kuchangia saratani ya koo la chakula, ambayo ni nyingi katika ukanda wetu. Ugonjwa ukishaingia, kazi ya chakula hubadilika. Kinampa mgonjwa nguvu ya kustahimili dawa. Kumnyima wanga ili kuunyima uvimbe sukari hakufanikiwi, kwa sababu ini hutengeneza sukari lenyewe, na likikosa malighafi mwili huyeyusha misuli ya mgonjwa. Hata mlo bora wa mboga na matunda una mipaka: wanawake 3,088 wa Marekani waliokwisha kutibiwa saratani ya titi walifuatiliwa kwa takriban miaka saba, na ripoti ya mwaka 2007 haikuona tofauti ya kurudi kwa ugonjwa kati ya waliozidisha mboga na wenzao. Kukausha mahindi juu ya turubai ili yasipate sumukuvu kunaokoa ini. Bahati mbaya hakuna wakala anayepata kamisheni kwa kulitangaza turubai.

Mtetezi wa tiba asili atauliza, je, dawa za hospitali hazikutoka kwenye miti? Zimetoka, na historia hiyo inaunga mkono hoja hii. Lile ua dogo la waridi lenye asili ya Madagaska, ambalo wengi hulipanda mbele ya nyumba, lilitumiwa na wenyeji wa nchi mbalimbali kwa kisukari. Maabara ilipolichunguza ikakuta ndani yake vinkristini, ambayo hadi leo hutibu watoto wenye lukemia. Wenyeji walikuwa na fununu; kipimo ndicho kilichoonyesha ugonjwa sahihi na kiasi sahihi. Karibu zaidi na kwetu, mwaka 1976 zaidi ya tani 27 za mmea wa Maytenus buchananii zilivunwa Shimba Hills, Kwale, nchini Kenya, kwa ajili ya taasisi ya saratani ya Marekani. Kiini chake, maytansini, kilipopewa wagonjwa kilionekana kuwa sumu kali mno, kikawekwa kando. Mwaka 2013 dawa iliyotokana nacho, ikiwa imefungwa kwenye kingamwili, iliidhinishwa Marekani kutibu aina moja ya saratani ya titi. Mti wa pwani yetu ulikubali kupimwa, ukashindwa, ukapimwa tena. Majani ya mstafeli yanastahili heshima hiyohiyo, ukizingatia kwamba kule Guadeloupe matumizi ya mmea huo yamehusishwa na ugonjwa wa kutetemeka mwili.

Atauliza pia, je, kampuni za dawa si wafanyabiashara? Ni wafanyabiashara, tena wenye faida kubwa, na bei zao zinawaumiza wagonjwa wetu. Hiyo ndiyo sababu ya sheria kuzilazimisha kuthibitisha kabla ya kuuza na kuandika madhara kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Tamaa ya faida haibagui kati ya kidonge na mzizi, basi kipimo nacho kisibague. Na wale wanaotoa ushuhuda kwamba wamepona? Wapo waliofanyiwa upasuaji kwanza na dumu likafuata; wengine hawakuwahi kukatwa kinyama, kwa hiyo haijulikani walikuwa na nini. Wasiopona hawarekodi video. Soko linalosikiliza walio hai peke yao litaona kila bidhaa inaponya.

Dawa ya soko hili haiwezi kuwa marufuku peke yake, maana marufuku huihamishia biashara gizani. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake. Tangu 2019 dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na chakula chini ya Shirika la Viwango (TBS). Bidhaa inayojiita dawa kwenye tangazo, chakula kwenye lebo na tiba asili mbele ya mkaguzi inapita katikati ya milango hiyo mitatu. Vyombo hivi vikubaliane kanuni moja: neno saratani lisionekane kwenye lebo wala tangazo mpaka muuzaji alete ushahidi. Mganga aliyesajiliwa aweke daftari la kila mgonjwa wa saratani, kipimo alichokuja nacho, tarehe ya kuanza na hali yake baada ya miezi sita, na Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili ilisome. Anayeona uvimbe wa titi na kumpeleka mgonjwa hospitali wiki hiyohiyo atambuliwe kuwa mshirika wa afya. Serikali nayo ishushe bei halisi ya hospitali: nauli, malazi ya wagonjwa wa mbali, na muda wa daktari kueleza.

Mpaka hayo yafanyike, mnunuzi anayo haki ya kumuuliza muuzaji kabla ya kutoa fedha: wangapi wenye ugonjwa kama wangu wametumia dawa hii, na wangapi wako hai? Asiyeweza kujibu asilipwe. Na aliyekwisha kuanza kunywa asiache kwenda hospitali kwa aibu. Amwambie daktari kila anachokunywa, maana hata juisi ya balungi inaweza kuvuruga baadhi ya dawa, na daktari asiyejua hawezi kumlinda.