Ngome Iliyobomolewa, Maneno Yaliyosalia

Niliwauliza wanafunzi wangu wa isimu: je, Mombasa ilikuwa na ngome ya mizinga kabla ya Fort Jesus? Darasa zima likajibu kwamba haikuwa nayo. Jibu hilo si sahihi, wala kosa si lao. Sisi walimu hufundisha yaliyosimama, tukayasahau yaliyobomolewa.

Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593. Miaka minne tu kabla ya hapo palikuwapo ngome nyingine, iliyojengwa na Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, katika msafara wake wa pili wa 1588–1589. Wenyeji walimpokea kama mshirika, kwani Wareno walikuwa wameuteketeza mji wao mwaka 1505, wakaurudia 1528. Machi 1589 merikebu za Wareno zikawasili kutoka Goa, Tomé de Sousa Coutinho akiziongoza. Wakati uo huo Wazimba walikuwa wamepiga kambi bara, ng'ambo ya kivuko cha Makupa, na Waturuki wamelazimika kuzigawa nguvu zao. Ngome ikatekwa, Ali Bey akapelekwa Lisbon akiwa mateka. Mshindi akajenga ngome yake, nayo ndiyo tunayoizuru.

Mimi ni mtu wa lugha. Mawe yanapokwisha, huyatafuta maneno. Wahenga walipoiona silaha ile ngeni, walikumbuka gogo lililotobolewa wakaalo nyuki, wakaiita mzinga. Neno baruti lina ndugu zake katika Kiarabu na Kituruki. Nalo gereza limetokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Mswahili aliyeyatazama majengo ya Wareno kwa nje aliona kuta na mizinga, basi neno la ibada likawa jina la ngome, na hatimaye la jela. Historia ikamthibitishia: Fort Jesus yenyewe ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958.

Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza Fort Jesus katika orodha ya urithi wa dunia. Ni heshima inayostahili. Hata hivyo, mwalimu mwenzangu, utakapowapeleka wanafunzi huko, wasimamishe kwanza langoni. Waambie kuwa watu wa Mombasa hawakungoja tu kutawaliwa. Walichagua mshirika, wakapigana, wakashindwa. Asiyesimuliwa hayo atadhani historia yetu ilianza siku mgeni alipoweka jiwe la msingi.