Mwanafizikia wa Chuo cha Wanyamapori

Mwaka 1969 jarida la Uingereza, Physics Education, lilichapisha andiko fupi la watu wawili. Mmoja ni Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam. Mwingine, ambaye jina lake limetangulia, ni Erasto Mpemba, Mtanzania aliyeuambia ulimwengu kwamba maji ya moto huweza kuganda kabla ya maji ya baridi. Nililifungua andiko hilo nikitafuta jambo jingine kabisa, nikakwama kwenye anwani. Jina la Mpemba halikuambatana na idara yoyote ya fizikia, bali na chuo cha wanyamapori cha Moshi. Yaani Mweka. Kijana ambaye wanafizikia wa dunia nzima wanabishana juu yake hadi leo alikuwa anasomea kutunza wanyama na mapori yao.

Tangu hapo anwani ile haijaniacha.

Sehemu kubwa ya andiko ni masimulizi ya Mpemba mwenyewe, nayo yananyooka kama mtu anayeongea barazani. Anasema mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakasubiri yapoe, ndipo wakayaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa finyu na wagombeaji wengi. Siku moja mwenzake aliona atachelewa, akachanganya maziwa mabichi na sukari akayatia moja kwa moja. Mpemba, akiona nafasi inampita, aliyaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu trei yake ilikuwa imeganda. Ya mwenzake ilikuwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia sababu yake. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Wakati huo alikubali. Baadaye, mjini Tanga, rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu alimwambia kwamba yeye huweka maziwa ya moto makusudi, kwa sababu huganda upesi. Hapo ndipo ninapomwona mwanafizikia. Wauzaji walikuwa na ushahidi wao kila siku, darasani hakukuwa na nafasi ya kuupokea.

Katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena walipofika kwenye mada ya joto. Mwalimu akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ile ya ulimwengu, na darasa zima likaligeuza neno hilo kuwa la kumtania kila alipokosea hesabu. Alasiri moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi. Akachukua bika mbili, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji ya moto, akaziweka kwenye friji. Baada ya saa moja, barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile ya moto. Osborne alipokuja kuwahutubia wanafunzi, Mpemba alisimama akauliza swali lake mbele ya wote. Wenzake walimcheka. Mgeni aliahidi kwenda kulijaribu.

Alilijaribu kweli. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alirudi na habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka yapatikane majibu sahihi! Majaribio yaliendelea, na katika moja tabaka jembamba la mafuta lilimwagwa juu ya maji. Kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa. Maana yake joto lilikuwa likitokea zaidi juu, kwenye uso wa maji, pale maji yanapokutana na hewa.

Hapo anwani ya Mweka inaanza kunieleza kitu. Uso wa maji ndio unaoamua bwawa litapoteza kiasi gani jua likiwaka. Ndio unaoamua kama Ziwa Tanganyika litachanganyika: tabaka la juu likizidi kupata joto, maji ya chini yenye virutubisho hayapandi, na samaki hukosa chakula. Na chuo cha Mweka kiko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mlima uliopoteza takribani asilimia 85 ya eneo la barafu yake kati ya 1912 na 2007. Hewa ya kileleni iko chini ya nyuzi sifuri karibu muda wote, lakini barafu inaisha, sehemu yake ikigeuka mvuke bila kuwa maji kwanza, kwa jua kali na ukavu wa hewa. Hilo ni swali la fizikia lililo juu ya mabweni ya wanaosomea mazingira.

Ndiyo maana namwonea fahari mwanafunzi wa leo anayechukua tahasusi ya PGM, fizikia na jiografia na hesabu, akienda chuoni kusoma fizikia akiwa na mito na mawingu akilini. Asiambiwe kwamba amekimbia fizikia ya kweli.

Ubishi wenyewe juu ya maji ya moto haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walipima upya kasi ya maji kupoa, wakasema hawakuona ushahidi wa maana, na kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kuleta matokeo ya uongo. Lakini wao walipima kupoa hadi nyuzi sifuri, si kuganda kwenyewe. Mwaka 2020 wengine, Canada, walionyesha tabia inayofanana katika chembe ndogo mno zilizotumbukizwa majini.

Mpemba alikwenda kuwa ofisa wanyamapori. Je, ni wito uliompeleka huko, au ni milango ya fizikia iliyokuwa imefungwa? Na katika miaka yote ya kazi porini, nani alimuuliza alichokiona?