Lubumbashi: Ndege ya mashindano ya 1934, kwa ukubwa wa robo

Mwezi wa Desemba 1934, ndege ya mashindano aina ya de Havilland Comet ilitoka Brussels ikibeba barua za Noeli hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Iliendeshwa na Mwingereza Ken Waller pamoja na Maurice Franchomme. Ilikuwa ya mbao, yenye mota mbili.

Comet tano tu ndizo zilizojengwa. Leo wengi huijua kupitia ndege za telekomandi, ambazo mafundi wengine huzijenga kwa ukubwa wa robo. Mabawa ya Comet ya namna hiyo yanafikia mita 3 na sentimita 35.

Kwa fundi wa Lubumbashi, hesabu inaanza na hewa. Mji uko zaidi ya mita 1200 juu ya bahari. Huku hewa ni nyepesi, zaidi sana kwenye joto la Oktoba: mabawa yanabeba kidogo, na mota ya petroli inapunguka nguvu. Ndege inahitaji kiwanja kirefu zaidi ili ipae, na kila gramu ya mbao na gundi inapimwa.

Kiwanja chenyewe kiwe mbali na nyumba za watu na njia ya ndege za Luano. Ndege kubwa hivyo ikipoteza telekomandi inaweza kuua mtu. Kwa hiyo telekomandi inajaribiwa kwanza chini, mota ikiwaka, mwenzake akishika mkia. Ikikatika hata mara moja, siku hiyo ndege hairuki.