Kikundi cha Wakulima wa Kipato cha Chini: Kwa Nini Wewe Mwenye Ekari 12 Ujiunge, na Ukaeje Ndani Yake



Kuna swali naulizwa sana nikipita mashambani, iwe pande za Uporoto na Umalila huku Mbeya, au Ilula na Mufindi kule Iringa. Kijana ana ekari 12 za viazi mviringo au nyanya, ana pampu yake, simu imejaa namba za madalali. Anasikia kijijini kuna kikundi cha wakulima wadogo wanaweka hisa, wanakopeshana na kuuza mazao pamoja. Ananiuliza: "Afisa, mimi nikakae na mama mwenye nusu ekari, tuchangie elfu mbili mbili, ili nipate nini?"

Ni swali la haki na linahitaji jibu la hesabu, sio la mahubiri ya umoja. Leo nalijibu.

Bei yako inapangwa na jirani yako mwenye shida

Tuanze na lumbesa, maana kila anayelima viazi anaijua. Sheria ya Vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Sasa tuchukue mfano: dalali anakushonea kilemba juu ya gunia mpaka lifike kilo 130. Ukiuza magunia 100 ya namna hiyo, umetoa kilo 13,000. Hayo ni magunia 130 ya halali, wewe umelipwa 100. Magunia 30 yameondoka bure. Kama gunia la halali lingeuzwa shilingi 70,000, umeacha shilingi 2,100,000 juu ya lori la mtu. Hata dalali akikuongezea kidogo kwa ajili ya kilemba, mara nyingi hakifidii kilo zote hizo.

Utasema, "Mimi nitakataa lumbesa." Sawa, kataa. Dalali hatagombana na wewe. Atavuka barabara aende kwa jirani mwenye magunia matatu, ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa michango ya shule, au ana mgonjwa. Yule hawezi kukataa. Atauza kwa kipimo chochote, leo hii. Kesho dalali anarudi kwako: "Wenzako wote wameuza hivi." Na viazi vinaoza. Unaweza kukata majani ukaviacha ardhini siku kadhaa, lakini huwezi kuviacha miezi.

Hapo ndipo vijana wengi wanapokosea hesabu. Wanadhani bei yao inategemea ukubwa wa shamba lao. Kumbe inategemea sana uvumilivu wa mkulima mnyonge kuliko wote pale kijijini. Umaskini wa jirani ni gharama inayoingia kwenye shamba lako, ila huiandiki kwenye daftari.

Kikundi kinachofanya kazi vizuri kinakata mnyororo huo mahali pake. Mama mwenye magunia matatu akipata mkopo mdogo kutoka kwenye hisa za kikundi, ada inalipwa na viazi vinasubiri mizani. Kwa mahindi ni rahisi zaidi, unaweka kwenye mifuko ya kinga njaa unasubiri miezi. Dalali akikuta watu 30 wote wana kauli moja na mizani moja, atapima. Hana jinsi, lori lake haliwezi kurudi mjini tupu.

Kwa nini waongoze wao wenyewe?

Hapa kijana mwenye haraka huwa anasema: "Sawa, basi mimi nitaanzisha kikundi, niwe mwenyekiti, niwapange." Subiri kidogo.

Mwaka 1993 wakulima 22 kutoka mikoa ya Morogoro, Iringa, Tanga, Mbeya, Kilimanjaro na Dodoma walianzisha MVIWATA, yaani Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Ona kwamba Iringa na Mbeya zilikuwemo tangu siku ya kwanza, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani ya Iringa na Songwe ndani ya Mbeya. Kaulimbiu yao mpaka leo ni "Mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe." Mtandao umekua ukawa wa nchi nzima, makao makuu Morogoro, na msingi wake ni vikundi vidogo vya vijijini. MVIWATA imeshiriki kuanzisha masoko ya mazao, kama lile la Kibaigwa mkoani Dodoma, na la mpunga pale Igurusi wilayani Mbarali, hapa hapa kwetu.

Kaulimbiu ile ina historia nyuma yake. Miaka ya 1960 kule Songea, wakulima wa Litowa na vijiji jirani waliunda Chama cha Maendeleo Ruvuma, maarufu kwa kifupi RDA. Walilima pamoja, wakaamua mambo yao kwa mikutano, wakawa na shule na mashine ya kusaga. Septemba 1969 TANU ikakivunja kwa uamuzi kutoka juu. Mwaka 1976 serikali ikavunja na vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Wazee wetu waliona kwa macho yao kwamba jambo la mkulima likiwa mikononi mwa mtu mwingine, huyo mtu akibadili mawazo asubuhi, jioni hakuna kitu.

Lakini kuna sababu ya pili, ya kila siku. Anayeishi kwa kipato kidogo ndiye anayejua kanuni gani itambana mtu mnyonge. Nimeona kikundi kikipanga mkutano saa nne asubuhi. Kwa mwenye shamba kubwa saa nne ni sawa tu. Kwa anayekwenda kibarua, saa nne ni hela ya siku hiyo imepotea. Anakosa mikutano miwili, anapigwa faini, faini zinalimbikizana, anaona aibu, anaacha. Hakuna aliyemfukuza, lakini ametoka. Na akitoka yeye, yule muuzaji wa magunia matatu amerudi barabarani peke yake na dalali. Kama viongozi wangekuwa watu wa aina yake, mkutano ungekuwa saa kumi na moja jioni na tatizo lisingekuwepo.

Kikundi cha kweli utakijuaje?

Mnakumbuka mikopo ya halmashauri ya asilimia 10: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba. Mwaka 2023 serikali iliisimamisha, mojawapo ya sababu ikiwa vikundi hewa, na ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Fundisho ni kwamba kikundi kilichozaliwa kwa ajili ya mkopo hufa siku mkopo unapoingia. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi ya kiingilio, angalia haya:

1. Kilikuwa kinafanya nini kabla ya hela ya nje? Kama walikuwa wanaweka hisa, wanapeana vibarua shambani, wananunua mbegu pamoja, ni dalili njema.

2. Sanduku na daftari viko wapi? Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hutumia sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na hesabu inafanywa mbele ya wote. Sanduku likikaa kwa mwenyekiti na funguo zote akawa nazo yeye, ondoka.

3. Mwanachama wa kawaida anajua akiba ya kikundi ni kiasi gani? Muulize yeyote, sio katibu. Kama hajui, kikundi kina wenyewe.

4. Viongozi walichaguliwa lini mara ya mwisho? Na je, kuna kiongozi aliyewahi kubadilishwa akabaki mwanachama mwenye amani? Hilo swali linafichua mengi.

5. Kimesajiliwa? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa, na usajili wake unapitia halmashauri. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako atakuelekeza.

Hatua za kujiunga

Kwanza, omba kuhudhuria mikutano miwili au mitatu kama msikilizaji. Kaa kimya, angalia nani anaongea na nani anasikilizwa.

Pili, omba katiba uisome. Angalia kiingilio, bei ya hisa, kiwango cha juu cha hisa kwa mtu mmoja, riba, faini, na utaratibu wa kutoka. Kiwango cha juu cha hisa ni muhimu mno. Bila hicho, wewe mwenye hela utaweka hisa nyingi, gawio la mwisho wa mwaka litakuja kwako, na riba wanayolipa maskini itakuwa faida yako. Hapo kikundi kitakuwa biashara yako ya kukopesha, kwa jina lingine.

Tatu, ingia kwa udhamini wa wanachama wanaokufahamu, lipa kiingilio kile kile wanacholipa wengine, na uweke hisa zako kila wiki. Usilipe za miezi sita kwa mpigo ukaacha kuhudhuria. Kikundi kinajengwa na kuonana.

Nne, kikundi kikiwa imara, ulizeni habari za kujiunga na mtandao wa ngazi ya juu kama MVIWATA. Kikundi kimoja kitapata mizani. Kubadili tabia ya soko au kusukuma barabara ya vumbi itengenezwe kunahitaji vikundi vingi vyenye sauti moja.

Ukiwa na nguvu kuliko wenzako, kaa hivi

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye kikundi mgeni ana tabia ya kuja na kujifanya yeye ndiye dawa. Nakushauri yafuatayo, na nimeyaona yakifanya kazi:

- Usigombee uenyekiti mwaka wa kwanza. Ukichaguliwa kwa sababu una pikipiki na unajua kuandika barua, wenzako watajifunza kukutegemea. Badala yake kaa na katibu, mfundishe kuandaa hesabu kwenye simu, kisha mwache afanye mwenyewe.

- Usinunue mazao ya mwanachama mwenzako yakiwa bado shambani. Kumpa mtu elfu hamsini mwezi wa njaa ili umchukulie magunia wakati wa mavuno ni jambo la kawaida huku kwetu, lakini ni shimo lile lile kikundi kinachojaribu kulifukia. Akiwa na shida, apitie kwenye sanduku.

- Kama wewe pia ni mnunuzi, sema wazi. Toka nje wakati bei inajadiliwa. Ukikaa ndani, hakuna jirani atakayekubishia usoni, na bei itakuwa yako.

- Leta ulichonacho kwa utaratibu wa kikundi. Una namba za wanunuzi wa Dar es Salaam, una usafiri, una ghala. Vikodishwe kwa bei iliyokubaliwa na kuandikwa. Msaada usioandikwa unageuka kuwa deni la heshima, na deni la heshima linafunga watu midomo.

- Kubali kushindwa kura. Siku utakayotaka kikundi kinunue pampu, na akina mama waamue hela iende bima ya afya, usinune. Wanajua kwa nini. Mgonjwa mmoja nyumbani huwa anauzisha magunia yote.

Tusidanganyane

Kikundi hakikutoi kwenye umaskini kwa msimu mmoja, na vingine vinakufa. Hela inaliwa, watu wanagombana, wengine wanauza pembeni kwa dalali usiku baada ya kukubaliana mchana. Mtu akiuza pembeni, kabla ya faini muulizeni alikuwa na shida gani. Mara nyingi mtakuta sanduku lilikuwa na hela na yeye aliogopa kuomba. Hapo rekebisheni utaratibu wa mkopo wa dharura, maana tatizo liko huko.

Kwa hiyo, kijana mwenye ekari 12, usijiunge kwa huruma. Huruma huisha ikifika palizi ya pili. Jiunge kwa sababu mama wa nusu ekari akiweza kusubiri wiki mbili, na wewe utaweza kusimama mbele ya dalali ukasema "kilo 100, kwenye mizani." Na mwache yeye ashike kiti cha mbele, kwa sababu yeye ndiye anayejua wiki mbili za kusubiri zinagharimu nini.

Msimu huu, kabla hamjaanza kuchimba viazi, ulizia kikundi kilicho karibu nawe kupitia ofisi ya kijiji, afisa ugani au Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Nenda ukasikilize mkutano mmoja tu kwanza.

Kazi njema shambani.