Mji Uliopotelewa na Jina

Teotihuacan, kaskazini-mashariki ya Mexico City, ni jina la kupewa. Waazteki waliomwita hivyo mji huu waliukuta ni mahame ya karne nyingi. Waliona vilima huku na huku vya njia kuu, wakadhani ni makaburi, wakaiita Barabara ya Wafu. Kumbe ni misingi ya mahekalu na majumba! Wenyewe waliojenga waliuitaje mji wao, hapana ajuaye.

Nilisimama chini ya Piramidi la Jua, kimo chake mita 65 hivi, hata shingo ikaniuma. Katika siku za neema, yapata mwaka 450, waliishi hapa watu wapatao 100,000, wengi katika nyumba za mawe zenye nyua, jamaa kadha ukuta mmoja. Karne ya sita majumba ya wakubwa yakatiwa moto.

Lakini kilichonishika, msomaji, ni ukuta wa Tepantitla, jirani na piramidi. Umechorwa watu wadogo wadogo wakicheza mpira na kukimbiza vipepeo, na mbele ya vinywa vyao mna alama zilizojikunja mfano wa mkia wa ng'e. Hayo ndiyo maneno yao, au nyimbo. Pengine mashairi, maana mtunzi hakosi kuwatafuta watunzi wenziwe.

Sisi chuoni tulitamka herufi kabla ya kujua maana. Hapa sauti yenyewe imekwenda, na wataalamu hawajaafikiana lugha ilikuwa ipi. Mmoja wao analia, ameshika tawi, na maneno yanamtoka kwa wingi. Nilikuwa ningali nikimtazama mlinzi alipokuja kufunga.