Mwanzi wa Kwanza: Utangulizi kwa Mvuvi wa Nzi Bandia

Huenda unaishi Rooty Hill au kitongoji jirani upande huu wa magharibi wa Sydney, umeshavua kwa nzi bandia kwa fimbo ya kaboni, na sasa moyo umekutuma kutafuta fimbo ya mwanzi. Utakutana na majina mengi ya mafundi na bei zinazopishana kiasi cha kumvunja moyo mgeni: fimbo mbili zinazofanana machoni, moja ina bei mara ishirini ya mwenzake. Kabla hujatoa hata senti, ningependa ushike jambo moja ambalo elimu yote ya fimbo hizi imejengwa juu yake, nalo ni kwamba nguvu ya mwanzi iko kwenye ganda lake. Mwenye kulijua hilo anaweza kuishika fimbo ya fundi asiyemfahamu na akaielewa.

Pasua kipande cha mwanzi uangalie palipokatwa. Upande wa nje utaona vidoa vyeusi vilivyobanana. Hizo ni ncha za nyuzi. Kadiri unavyoingia ndani ndivyo vidoa vinavyoachana, mpaka unafika kwenye nyama laini isiyobeba kitu. Wasukaji wa madema wa pwani yetu ya Afrika Mashariki wanalijua jambo hili kwa mikono, kwani wao hupasua kwa kufuata nyuzi. Fundi wa fimbo naye huanzia hapo hapo. Huupasua mwanzi kuwa fito, huyanyoosha mafundo kwa moto, kisha huulaza ufito mmoja mmoja kwenye kalibu ya chuma yenye mfereji wa pembe ya digrii 60 na kuupiga randa pande mbili za ndani tu. Ganda haligusi, ila kulikwangua lile tabaka jembamba linalong'aa. Fito sita zikishikanishwa kwa gundi, pembe zake hukutana katikati na ganda lote hubaki nje. Ndiyo sababu fimbo ina pande sita. Mafundo nayo hupangwa yasikutane mahali pamoja, maana fundo ni mahali ambapo nyuzi zimepindana.

Karibu na ncha ya juu, kila ufito una unene usiofika milimita 1, na fundi hupima kwa sehemu za mia za milimita. Fimbo moja hula zaidi ya saa 40 za kazi. Namna unene unavyopungua kutoka mpini hadi ncha ndiyo inayoamua tabia ya fimbo: kama itapinda juu tu, au itapinda mpaka kiganjani. Everett Garrison, mhandisi wa New York, alikokotoa mpunguo huo kwa hesabu za mkazo, na maarifa yake yakahifadhiwa katika kitabu alichokikamilisha Hoagy B. Carmichael mwaka 1977, baada ya Garrison kufariki. Mafundi wengi wa leo, walio hai na wanaotengeneza, wamejifunza kwa kitabu hicho.

Si kila mwanzi una ganda la kutosha. Mianzi ya Iringa inagemwa ulanzi, na ile ya milima ya Aberdare hutumika kujengea na kusukia. Kila mmoja una kazi yake. Fimbo za mwanzi za kuvulia, karibu zote, hutengenezwa kwa aina moja inayoota Guangdong, kusini mwa China, ambayo wafanyabiashara huiita Tonkin na ambayo mtaalamu wa mimea F. A. McClure aliieleza kisayansi mwaka 1931. Ganda lake ni nene, nyuzi zake zimebanana, na mafundo yako mbalimbali. Kabla yake mafundi wa karne ya 19 walitumia mianzi ya India.

Historia hii ina faida ya moja kwa moja kwa mnunuzi, kwa kuwa inaeleza kwa nini soko lina vitu linavyovionyesha. Samuel Phillippe, fundi bunduki wa Easton huko Pennsylvania, anatajwa miongoni mwa wa kwanza Marekani kuunganisha fito namna hii, katika miaka ya 1840. Hiram Leonard wa Maine akaleta mashine ya kukatia fito katika miaka ya 1870, na Hardy wa Alnwick, kampuni iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1872, wakazisambaza fimbo zao kote ambako Waingereza walikwenda kuvua. Baadaye viwanda kama Heddon, Granger, South Bend na Montague vikatengeneza kwa wingi. Faibaglasi ilipoingia baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na Marekani ilipofunga biashara na China mwaka 1950 kwa sababu ya Vita vya Korea, milango ya viwanda hivyo ikaanza kufungwa. Marufuku iliondolewa mwaka 1971, lakini wakati huo kaboni ilikuwa mlangoni. Kwa hiyo unachokikuta leo ni fimbo za zamani za viwandani, nyingine nzuri mno, na fimbo mpya za mafundi wachache wanaofanya kazi kwa mikono. Kuna pia zile seti za Japani za baada ya vita, zenye vipande vingi ndani ya sanduku la mbao. Sanduku huvutia, fimbo yenyewe mara nyingi ni nzito na gundi yake imechoka. Iache.

Hapa Australia utaziona sana fimbo za Kiingereza na za Kiskoti, na sababu yake ni ile ile iliyowaleta samaki. Mayai ya trauti yalisafirishwa kutoka Uingereza kwa meli ya Norfolk, yakiwa kwenye barafu, yakafika mwaka 1864 na kuanguliwa Tasmania, kando ya mto Plenty. Msomaji kutoka Kenya atakumbuka kisa kinachofanana nacho: mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Uskoti hadi mto Gura, Aberdare, mto unaopita katikati ya misitu ya mianzi. Na nzi bandia wengi wanaouzwa katika maduka ya dunia nzima wamefungwa kwa mikono ya Wakenya, kwa miongo mingi sasa. Nalisema hili kwa sababu nimesikia mara nyingi kwamba uvuvi huu ni wa watu wengine. Mikono yetu imo ndani yake tangu zamani.

Sasa tuje kwenye fimbo uliyoishika. Itoe kwenye mfuko wake, vipande vikiwa vimetengana, na uende penye mwanga wa dirisha. Kwanza tazama ganda. Nyuzi zinapaswa kuonekana zikienda moja kwa moja chini ya vanishi. Zikikatika ghafla na upande ukawa mweupe wenye unyoya, mtu ameipiga msasa ili ipendeze, na alichoondoa ni zile nyuzi zinazobeba kazi. Fimbo ya namna hiyo ipo lakini haina uhai, na hakuna fundi awezaye kuurudisha. Mstari mweusi kati ya upande na upande waweza kuwa gundi iliyoachia: ukunje kipande polepole huku ukisikiliza. Mlio mdogo wa kukwaruza ni ishara mbaya.

Pili, kitazame kila kipande kwa urefu, jicho likiwa kwenye mpini, huku ukikizungusha. Mpindo mdogo wa ncha si tatizo. Fundi huunyoosha kwa joto. Vipande kugeuka kama kamba ni jambo zito zaidi. Vipimie pia urefu. Kwa kawaida vipande vya fimbo moja hulingana, kwa hiyo kimoja kikipungua sentimita 5 kilivunjika na kurekebishwa, na ule mpunguo wa unene tuliouzungumzia umeharibika. Wauzaji huliita jambo dogo. Mimi siliiti dogo hata kidogo kwa fimbo ya kwanza, kwa sababu utajifunzia tabia ya mwanzi kwenye fimbo iliyopoteza tabia yake.

Tatu, viungo vya madini. Vyema hutengenezwa kwa aloi ya shaba, nikeli na zinki. Vichomeke vipande bila kuvizungusha. Vikaze taratibu, na vikitengana viachie kwa mlio mfupi wa hewa. Kiungo kinachocheza hutengenezeka kwa gharama, na gharama hiyo uikate kwenye bei. Pete za kupitishia mshipi, nyuzi za kufungia na mpini wa koki hubadilishwa bila shida. Visikutishe wala visikushawishi.

Maji yako ndiyo yatakayochagua urefu. Kutoka stesheni ya Rooty Hill treni ya Penrith inakufikisha karibu na mto Nepean, walipo besi wa Australia, samaki wa asili ambao kuanzia Mei hadi mwisho wa Agosti huachwa wazaliane. Besi hukimbilia kwenye magogo na inabidi umzuie kwa nguvu, kazi inayoweza kuuacha mwanzi umepinda bila kunyooka tena. Ningeanza na vijito vya trauti vya Oberon, kama Duckmaloi na Fish, ng'ambo ya Blue Mountains, ambavyo hufunguliwa wikendi ndefu ya Oktoba na kufungwa ile ya Juni. Kwa vijito hivyo chukua futi 7 hadi 7 na nusu, vipande viwili, mshipi namba 4 au 5. Fimbo kubwa ya Hardy ya futi 9 ni hazina, lakini itauchosha mkono wako kabla haujajifunza. Fimbo iliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 haina namba hizi; wakati huo mishipi ilipimwa kwa herufi, na muuzaji mzuri atakutafsiria. Usisahau ada ya uvuvi ya New South Wales, inayolipwa na kila mtu mzima isipokuwa makundi machache yaliyosamehewa. Ukija na fimbo kutoka ng'ambo, itangaze mpakani, maana mwanzi ni mmea.

Mwisho, omba kuirusha kabla ya kulipa, kwenye nyasi, na mshipi wako mwenyewe. Mwanzi ni mzito kuliko kaboni, kwa hiyo usubiri nyuma mpaka mshipi unyooke kabisa, ndipo uulete mbele. Anza na mita 6, kisha 9. Mkono ukilazimika kusukuma, badilisha namba ya mshipi kwanza na urudie, ndipo uihukumu fimbo.